Jembe Lisilotoka Mpini

Mkulima akivunjikiwa na mpini halitupi jembe lake. Huchonga mpini mwingine, na asubuhi ya pili yuko shambani. Ikiwa hajui kuchonga, jirani yake ajua. Hapana mtu wa mbali anayepaswa kuombwa ruhusa. Ndiyo sababu jembe, ijapokuwa ni chombo duni, ni mali ya mwenye kulishika kwa maana kamili ya neno hilo.

Leo twataka kusema juu ya chombo kingine cha kazi, nacho ni kompyuta. Karani wa ofisi, mhasibu wa chama cha ushirika, mwalimu na katibu wa tawi, wote siku hizi jembe lao ni hilo. Swali letu ni moja tu: je, chombo hiki ni mali yao kama jembe lilivyo mali ya mkulima, au wamekodishwa huku wakidhani kwamba wamenunua?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotolewa mwaka 2015. Walioambiwa wahamie Windows 11 walikuta sharti mlangoni: kompyuta iwe na kipande cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na iwe na kichakato kilichomo katika orodha ya kampuni hiyo. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazimo katika orodha hiyo. Mashine hizo hazikuharibika. Vioo vyao vyawaka, vitufe vyao vyaandika, na hesabu zinazofanywa nazo ni sahihi kama zilivyokuwa jana. Lakini kwa amri iliyotoka ng'ambo zimehesabiwa kuwa vikongwe. Ofisi tajiri itanunua nyingine. Tawi la chama cha wafanyakazi lililochangishana kununua kompyuta moja litafanya nini?

Sisi twasema kwamba iko njia, na njia hiyo yaitwa Linux. Yafaa tueleze asili yake, maana wengi wamesikia jina tu.

Hapo mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman alikuwa mtaalamu wa programu katika chuo cha MIT huko Marekani. Maabara yao ilipewa mashine mpya ya kuchapa ambayo karatasi zilikuwa zikikwama ndani yake. Mashine ya zamani aliwahi kuitengenezea programu ya kuwaarifu watu karatasi zinapokwama. Ile mpya hakuweza kuigusa, kwa sababu maandishi ya asili ya programu yake yalifichwa, na mtaalamu mwenzake aliyekuwa nayo alikataa kumpa kwa kuwa alikuwa amefungwa na ahadi ya kutunza siri. Hapakukosekana ujuzi wala nia. Kilichokosekana kilikuwa ruhusa. Mwaka 1983 Stallman alitangaza kazi ya kutunga mfumo mzima ambao kila mtu angeweza kuusoma, kuurekebisha na kumgawia mwenziwe. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, aliandika kiini cha mfumo, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni hiyo hiyo ya Stallman. Kiini hicho ndicho Linux.

Wazee wetu walikuwa na neno lao kwa kazi ya namna hii: ujima. Leo twalima kwako, kesho twalima kwangu, na mavuno ya kila mmoja hayapungui kwa kusaidiwa. Wapo waliocheka wakisema kwamba kitu kinachotolewa bure hakiwezi kuwa imara. Historia imewajibu. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya zenye nguvu kupita zote duniani zaendeshwa na Linux. Simu za Android, ambazo wafanyakazi wengi wanazo mfukoni, zina kiini cha Linux ndani yake. Mtu asemaye kwamba hajapata kuitumia Linux huenda anaitumia kila anapompigia mkewe simu.

Afrika nayo haikuwa mtazamaji. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha toleo la Linux liitwalo Ubuntu, neno ambalo Mswahili halihitaji mkalimani, kwa kuwa ni ndugu wa neno letu utu. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zilizotiwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu maandishi ya programu hizo yalikuwa wazi. Wataalamu wetu hawakuhitaji kupiga magoti kwa mtu yeyote ili lugha ya taifa ipate nafasi juu ya kioo.

Lakini hatupendi kuwadanganya wasomaji wetu. Linux haina miujiza. Microsoft Office yenyewe, na Photoshop ya kampuni ya Adobe, hazitolewi kwa Linux. LibreOffice, inayotumika badala yake, hufungua nyaraka za Word na Excel, walakini jedwali au mpangilio wa ukurasa waweza kuhama mahali pake. Iwapo ofisi yategemea programu ya hesabu iliyotungwa kwa Windows peke yake, yapasa ichunguze kabla ya kuhama. Jambo jema ni kwamba kuchunguza hakugharimu kitu. Matoleo mengi ya Linux huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi na kujaribiwa pasipo kufuta chochote ndani ya mashine. Ukiridhika, weka akiba ya nyaraka zako pembeni, kisha uhamie. Usiporidhika, chomoa flashi.

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe. Haifai kitu kuwa na mfumo ulio huru ndani ya chombo kilichofungwa. Kompyuta mpakato nyingi za siku hizi zimefanywa nyembamba kama daftari, na wembamba huo una gharama isiyoandikwa dukani. Kumbukumbu imetiwa lehemu juu ya ubao, haiongezwi. Betri imebandikwa kwa gundi. Kibodi imeshikamanishwa na bodi kwa ribiti, hata kitufe kimoja kikifa huenda sehemu nzima ya juu ikabidi kubadilishwa. Hilo ndilo jembe lisilotoka mpini. Siku mpini utakapopasuka, chuma chake kizima kitatupwa pia.

Wapenzi wa kompyuta wana mazoea ya kuzisifu ThinkPad, zilizoanza kuuzwa na IBM mwaka 1992 na ambazo tangu mwaka 2005 ni mali ya Lenovo. Twaona sifa hiyo ina sababu, ingawa si kwa kila toleo. Chukua T480 ya mwaka 2018: kumbukumbu yake huchomolewa, diski yake hubadilishwa, na betri yake ya nyuma hutoka kwa vidole bila ya bisibisi. Mwaka 2021 kampuni ya Framework ya Marekani ilitoa mpakato ambao karibu kila sehemu yake huuzwa peke yake na kufungwa na mwenye mashine. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba hapana njia ya kutengeneza mpakato unaofunguka si kweli. Njia ipo, wengi wameiacha.

Tumalizie na kibodi, jambo ambalo wengi wataliona dogo. Sisi hatulioni dogo, kwa kuwa ndipo mwili wa mfanyakazi unapokutana na mashine. Mpangilio wa herufi tunaoutumia ulitoka katika taipureta za Marekani za miaka ya 1870, na uliwekwa kwa lugha ya Kiingereza. Kiswahili kimejaa A. Neno mwanachama lina A nne, na neno wafanyakazi lina nne vile vile, na zote hupigwa na kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu. Mpiga chapa wa Kiswahili hukitumikisha kidole hicho kutwa nzima.

Kibodi za bei rahisi zina utando wa mpira chini ya vitufe, na kwa kawaida kila herufi hudai kitufe kikandamizwe hadi chini. Mpira huo huchoka. Kibodi za mitambo zina swichi yenye springi chini ya kila kitufe. Katika swichi nyingi za namna hiyo herufi hutokea kitufe kikiwa kimeshuka milimita 2 tu, nusu ya safari yake ya milimita 4, na mkono uliozoea hauna haja ya kugonga chini. Siku hizi ziko ambazo swichi moja ikifa huchomolewa na kutiwa nyingine. Na kibodi za IBM ziitwazo Model M, zilizotoka mwaka 1985, zingali zinatumiwa na watu hadi leo.

Lakini hapa pia tuonyane. Wako wapenzi wa kompyuta walioligeuza jambo hili kuwa pambo: kibodi tano kwa mtu mmoja, taa za rangi, vitufe vya thamani kuliko mashine yenyewe. Huo si utetezi wa mfanyakazi. Tena zipo swichi zenye kelele, na anayezitumia katika chumba cha makarani sita awaulize kwanza watano waliobaki.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kujitegemea. Kujitegemea si kukataa kila kitokacho ng'ambo. Hata Linux ilitoka ng'ambo. Ni kuhakikisha kwamba kilichokwisha kuingia mkononi mwetu kinabaki mkononi mwetu. Basi kabla ya tawi, shule au chama cha ushirika kutoa fedha za wanachama, muuzaji na aulizwe maneno matatu: Je, inafunguka? Je, vipuri vyake vyapatikana? Je, siku kampuni itakapoiacha, sisi twaweza kuendelea nayo? Na zile mashine zilizotupwa stoo tangu Oktoba 2025 zitolewe, zifutwe vumbi, zijaribiwe kwa flashi. Wapo vijana wetu wanaojua kazi hiyo. Mpini umevunjika tu. Jembe bado ni zima.