Reli ya fokasi: Kabla hujatoa pesa, pima upepo wa Kericho

Picha ya mashamba ya chai ya Kericho kila mtu anayo. Zulia la kijani, mawingu yameshuka, mchumaji mmoja na kikapu mgongoni. Picha ambayo wachache huipiga ni ile ya sentimita moja ya jani moja. Na hiyo ndiyo mkulima wa Bureti au Konoin huihitaji anapoona madoa meusi kwenye machipukizi yake asijue ni mdudu gani anayemharibia.

Tuseme mkulima huyo ni mjomba wako. Anakuita: "Wewe si una kamera? Hebu piga hii tumtumie afisa wa kilimo." Unainama, unapiga, unatuma kwa WhatsApp. Jibu linarudi: "Haionekani vizuri." Ncha ya jani imetoka safi, lakini doa lenyewe lina ukungu. Majanichai huchumwa kila baada ya wiki moja au mbili hivi, kwa hivyo mkibaki mnarushiana picha zisizosema kitu, mchumo mzima unaweza kupita kabla hamjajua mnapambana na nini.

Ukitafuta suluhu mtandaoni, utaambiwa haraka: nunua reli ya fokasi. Hiki ni kijireli cha chuma kinachokaa kati ya kamera na stendi ya miguu mitatu. Unazungusha kigurudumu, kamera inasogea mbele au nyuma kidogo kidogo bila wewe kuigusa. Kifaa kizuri. Lakini kinafaa kazi moja tu: kupiga kitu kilichotulia. Ukielewa hilo mapema, utaokoa pesa.

Kwa nini picha inafifia

Ukipiga kitu kwa kipimo cha 1:1, yaani mdudu wa milimita 7 anachukua milimita 7 hizo hizo kwenye sensa ya kamera, sehemu inayotoka kali huwa nyembamba ajabu. Kwa sensa ya ukubwa kamili na tundu la lenzi la f/8, unapata takriban milimita 1. Ukiongeza hadi 2:1, inashuka hadi kama milimita 0.36. Ukipumua tu, kamera imeshasogea zaidi ya hapo.

Kuna mdudu mmoja anayesumbua chai ambaye ni mfano mzuri. Wataalamu humwita Helopeltis. Ni mwembamba, ana miguu mirefu kama mbu, urefu wake milimita 6 hadi 8, na mgongoni ana kijiti kilichosimama kama pini yenye kichwa. Hufyonza machipukizi mateke na kuacha madoa yanayogeuka kahawia kisha meusi. Kijiti hicho ni alama muhimu ya kumtambua. Sasa jaribu kumpata kichwa, kijiti na mkia katika picha moja, akikutazama ana kwa ana. Haiwezekani kwa pigo moja.

Njia ya kutoka ni kurundika picha: unapiga nyingi, kila moja ikiwa na ukanda wake ulio wazi, kisha programu kama Zerene Stacker au Helicon Focus inaziunganisha. Hapo ndipo reli huingia kazini, kwa sababu kila hatua lazima iwe ndogo na sawa na iliyotangulia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Helopeltis wa milimita 7, kwa 1:1 na f/8: songa milimita 0.7 kila hatua ili picha zipandane kidogo, na picha 12 hivi zinatosha. Kwa 2:1, songa milimita 0.25, utahitaji kama 30.

Ukiwa dukani, angalia haya

Kwanza, uliza kigurudumu kikizunguka mara moja kamera inasogea kiasi gani. Reli ya skrubu inayosogea milimita 1 kwa mzunguko hurahisisha mambo: robo mzunguko ni milimita 0.25. Reli za meno, zile ambazo gia hutembea juu ya reli, huenda kwa kasi na ni nzuri kwa kutafuta pa kuanzia, lakini hatua ndogo ni vigumu kuzipima kwa mkono.

Pili, usidanganywe na reli za njia nne. Hizo ni reli mbili zimepandishwa moja juu ya nyingine ili kamera iende mbele, nyuma, kushoto na kulia. Za bei ya chini zinapatikana kwa shilingi elfu chache, na kwenye picha ya tangazo zinavutia kweli. Shida ni kwamba kila kiungo kinacheza, na ukiwa na viungo viwili mchezo unaongezeka. Kwa pesa hizo hizo, reli moja ya njia mbili iliyo imara itakufaa zaidi.

Tatu, ifanyie mtihani papo hapo. Funga kamera yako na lenzi yako nzito zaidi, elekeza kwenye noti ya shilingi 50, kuza picha kwenye skrini hadi uone herufi ndogo, kisha zungusha mbele na nyuma. Herufi zikiruka kando au kuinama, rudisha kifaa. Zikichelewa kidogo kuanza kusogea unapogeuza upande, hilo si kosa kubwa. Dawa yake ni kusogeza upande mmoja tu kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho.

Nne, angalia kama ina kifungio cha kukaza kamera isiteleze ukiinamisha stendi, na kama sahani yake ni ya mtindo wa Arca-Swiss, ambao stendi nyingi za siku hizi hupokea. Urefu usikubabaishe. Sentimita 10 za kusogea zinatosha kabisa kwa wadudu na majani.

Zipo pia reli za mota, kama StackShot, zinazohesabu hatua zenyewe. Bei yake ni makumi ya maelfu ya shilingi. Kama hakuna mtu anayekulipa kwa picha hizo, achana nayo kwa sasa.

Kabla ya yote, fungua menyu ya kamera yako. Nikon D850 ya mwaka 2017 na Canon EOS RP ya 2019 zinaweza kusogeza fokasi zenyewe na kupiga mfululizo. Kama yako inayo hiyo na hupiti 1:1, huenda huhitaji reli kabisa. Reli inaanza kuishinda menyu ukivuka kipimo hicho.

Fundi wa jua kali naye ana jibu. Bolti ya kawaida ya M6 ina meno yanayopishana milimita 1. Maana yake, kibao kinachoteleza juu ya vijichuma viwili na kusukumwa na bolti ya M6 kinasogea milimita 1 kwa kila mzunguko, sawasawa na reli ya dukani. Kamera ikiwa nzito kwa kibao hicho, iache isimame na usogeze jani badala yake. Hii inafaa hata kwa simu yenye lenzi ya kubana.

Sasa twende shambani

Kericho iko mita takriban 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi huwa na utulivu na umande. Alasiri upepo unaamka, mvua inafuata, wakati mwingine ya mawe. Chipukizi la chai ni laini na limesimama juu ya kichaka, kwa hivyo upepo ambao wewe huuhisi unalitikisa milimita kadhaa. Reli inasogea milimita 0.25, jani linasogea milimita 5. Nani atashinda?

Kwa hivyo shambani, acha reli nyumbani. Weka fokasi kwa mkono, washa flashi yenye kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga, egemeza viwiko kwenye magoti, kisha sogeza mwili wako polepole huku ukipiga mfululizo. Kati ya picha 20, mbili au tatu zitakuwa sawa. Mdudu aliye hai hupigwa hivyo, na hakuna haja ya kumuua ili atulie.

Kazi ya reli ni ndani ya nyumba. Omba ruhusa kwanza. Mashamba makubwa ni mali ya kampuni na yana walinzi. Kwa mkulima mdogo, salamu ya "Chamgei" na maelezo mafupi hufungua njia. Chuma tawi dogo lenye majani mawili na chipukizi, litie kwenye chupa ya maji upesi kwa sababu jani la chai huanza kunyauka punde likichumwa. Libane karibu na dirisha lililofungwa. Usitumie taa ya joto, itakunja jani katikati ya mrundiko.

Weka kila kitu kwa mkono: f/5.6 hadi f/8, mwangaza usiobadilika, kipima saa cha sekunde 2. Anza mbele kidogo ya sehemu iliyo karibu nawe na umalizie nyuma kidogo ya ile ya mbali. Piga picha ya kidole chako kabla na baada ya kila mrundiko. Utajishukuru ukifungua kompyuta.

Kisha ongeza picha mbili ambazo hazina mbwembwe: moja ya kichaka chote, nyingine ya jani likiwa na rula kando yake na karatasi nyeupe. Karatasi ni ya kusahihisha rangi, na kwenye chai rangi ni ushahidi. Kuna utitiri ambao hufanya majani yaliyokomaa kugeuka zambarau. Lakini pia kuna aina ya chai, TRFK 306, ambayo ni ya zambarau kwa maumbile yake. Ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011. Ukituma picha yenye rangi iliyopotoka, unaweza kumfanya mtu aone ugonjwa pasipo na ugonjwa, au apuuze ulio wazi.

Na utitiri wenyewe? Hafikii hata nusu milimita. Kumpiga vizuri kunahitaji kipimo cha 5:1 hivi, ambapo ukanda ulio wazi unaweza kushuka hadi milimita 0.04. Hapo mkono wako juu ya reli ya elfu chache hauna nafasi. Tumia kioo cha kukuzia cha mara 10, au uweke simu juu ya hadubini ya shule. Picha haitakuwa ya kutundikwa ukutani, lakini afisa atahesabu miguu yake, na hilo ndilo mnalotaka. Ikibidi, wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Chai ya KALRO wako hapo hapo Kericho, na jani halisi ndani ya mfuko bado ni bora kuliko picha yoyote.

Kwa hivyo panga pesa zako hivi: lenzi ya makro au pete za kurefusha lenzi kwanza, flashi ya pili, stendi imara ya tatu. Reli iwe ya nne. Na ukirundika picha 30 zikawa moja, mwambie anayeitazama kwamba umezirundika, hasa kama kuna mtu ataamua la kufanya na shamba lake kwa sababu yake.