Chumvi, Sukari Guru na Hesabu

Mwaka 1971, vita vya Pakistan ya Mashariki vilipowakimbiza mamilioni ya watu kuingia India, kipindupindu kilizuka kambini Bangaon. Maji ya kutundika mshipani yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru wagonjwa wanyweshwe maji yenye chumvi na sukari, tiba iliyokwisha kujaribiwa Dhaka mwaka 1968. Vifo, vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100, vikashuka chini ya 4.

Kwetu sisi lenye mafunzo zaidi ni lililofuata katika Bangladesh huru, nchi ya watu wengi na madaktari haba. Tangu 1980 shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kufundisha: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, konzi ya sukari guru, nusu lita ya maji. Ujira wao ulitegemea alichokumbuka mama alipoulizwa baadaye. Ilipodhihirika kwamba akina mama wanajua lakini hawatumii, wakuu hawakuwalaumu wanavijiji. Walichunguza, wakakuta walimu wenyewe wakiugua hukimbilia vidonge! Mafunzo yakaanza upya. Hadi 1990 nyumba zipatazo milioni 12 zilikwisha kufikiwa.

Nasi tumewahi kuhesabu. Chanjo ya kipindupindu ya mwaka 2009, katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, ilipimwa kwa wakaazi wenyewe, ikaonekana kukinga kwa asilimia 79. Basi twawauliza wakuu wa idara, kwa heshima: ni semina ngapi zilizofuatiliwa majumbani kuona kilichobakia? Taarifa tuzisomazo hutaja idadi ya waliohudhuria.