Radio ya depo ikinyamaza: tutafute shida hatua kwa hatua

Ndugu wakulima, mahindi yenye kuingia mu depo bila kukauka muzuri yanaota kuvu, na kuvu inaweza kuleta sumu ya aflatoksini. Hata mahindi makavu yanaanza kunywa maji tena kama unyevu wa hewa unapita 70 kwa mia siku nyingi. Ndiyo maana tunawasaidia vijana wa kooperative kujenga chombo kidogo: karte moja ya Arduino inakaa mu depo pamoja na kipimo cha joto na unyevu, ya pili inakaa mu biro. Zinaongea kwa radio, bila waya kati yao. Leo tunaeleza mambo ya kufanya wakati hazisikilizani.

Neno la kwanza: radio ikinyamaza, hiyo si habari njema. Ekrani ya biro inaweza kuendelea kuonyesha 62 kwa mia ya juzi, na kila mutu anapita akisema depo iko sawa, kumbe mule ndani imefika 80. Kwa hiyo programu ya depo inapashwa kutuma, pamoja na kipimo, namba yenye kuongezeka moja kila mara: 1, 2, 3, 4. Namba ikisimama, radio imesimama. Ikiruka kutoka 40 mupaka 45, habari nne zimepotea njiani.

Neno la pili: musibadilishe vitu vitatu kwa mara moja. Mukifanya vile, hata chombo kikipona hamutajua ni nini ilikuwa mugonjwa. Leteni karte zote mbili juu ya meza moja, metre moja ao mbili kati yao, kisha mufuate hatua hizi.

1. Umeme

Moduli ya radio yenye watu wanatumia sana ni nRF24L01+, ya kampuni Nordic Semiconductor ya Norwe. Inakula volti 1.9 mupaka 3.6. Waya wa VCC unaenda kwa 3.3V, hapana kwa 5V, juu 5V inaweza kuiunguza.

Kitundu cha 3.3V cha Arduino Uno kinatoa miliampere 50 tu. Moduli ndogo, yenye antene iliyochorwa juu yake, haiombi hata 15, basi inatosheka. Lakini ile yenye antene ndefu ya kufunga inaweza kuomba zaidi ya 100 wakati inatuma. Hapo utaona radio inafanya kazi mara moja, inaanguka, inarudi tena. Dawa ni kuipatia chombo chake cha kushusha umeme kufika 3.3V, lakini waya za GND zote ziungane.

Hata moduli ndogo inapenda kusaidiwa. Wekeni kondensateri ya mikrofaradi 10 mupaka 100 kati ya VCC na GND, karibu kabisa na moduli. Upande wenye alama ya kutoa (−) unaenda kwa GND. Kitu hiki kidogo kinaponyesha radio nyingi.

2. Waya

Kwa Arduino Uno, SCK inaenda kwa 13, MISO kwa 12, MOSI kwa 11. CE na CSN munaweza kuchagua, kwa mufano 9 na 10, lakini namba za programu zinapashwa kuwa zilezile za waya. Mukiandika RF24 radio(9, 10), ya kwanza ni CE, ya pili ni CSN. Watu wengi wanazigeuza. Kwa karte zingine, kama Mega, namba za SCK, MISO na MOSI si hizi. Muangalie karatasi ya karte yenu.

Ili kujua kama karte inaiona moduli yake, muombe programu ionyeshe jibu la radio.begin(). Jibu likiwa hapana, msihangaike na karte ya upande wa pili: shida iko hapa hapa, kwa waya ao kwa umeme. Sukumeni kila waya kwa kidole, juu waya uliolegea unadanganya macho.

3. Mapatano

Karte mbili ni kama watu wawili wenye kupatana kukutana sokoni: siku moja, saa moja, mulango mumoja. Mambo haya yanapashwa kuwa sawa pande zote mbili:

– Kanali. Mufano 80, maana yake megaherti 2480. Kanali za chini zinagongana na Wi-Fi.
– Mwendo wa data. Chagueni 250 kbps, inafika mbali kuliko 2 Mbps. Moduli ya zamani isiyo na alama ya + haijui mwendo huu.
– Adresi. Herufi moja tofauti inatosha kuzuia yote.
– Ukubwa wa habari. Kifurushi kimoja hakipite bayiti 32.

Kama karte si za aina moja, muwe macho: «int» ya Uno iko na bayiti 2, ile ya ESP32 iko na 4. Habari zitafika, lakini namba zitakuwa za ajabu. Andikeni int16_t pande zote mbili.

4. Nani anaongea, nani anasikiliza

Karte ya biro inapashwa kuitwa startListening(), ya depo stopListening() mbele ya kutuma. Zote zikisikiliza, hakuna atakayesema kitu.

Na kama ekrani ya ordinateri inaonyesha alama zisizosomeka, musishitaki radio mara moja. Angalieni kama mwendo wa programu na wa ekrani ni sawa, mufano 9600.

5. Kurudisha mahali pake

Juu ya meza, muweke nguvu ya radio chini (RF24_PA_LOW): karibu sana, nguvu nyingi inaziba masikio ya mwenzake. Ikishaenda muzuri, peleka karte ya depo mbali pole pole, huku mutu mwingine anaangalia ile namba. Mabati yanazuia mawimbi, na mifuko yenye unyevu inayameza. Tundikeni moduli juu, mbali na mabati, antene zote mbili zikisimama wima.

Kila badiliko muliandike mu kaye ya depo: tarehe, kitu gani, matokeo gani. Kijana mwenye kujua akisafiri, mwingine ataendelea.

Na mwenye kuchunga depo asiache kazi yake. Kila juma achukue konzi ya mahindi katikati ya mufuko, aitie mu chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, atikise muzuri. Chumvi ikishika kioo, mahindi yamepita 15 kwa mia ya maji: muyatoe kwa jua leo, hata kama ekrani inasema yote ni sawa.