DHIS2 na Mfumo wa Kutunza Matoleo
Takwimu za vituo vya afya vya Tabora, kama za mikoa mingine ya Tanzania, huingizwa kwenye DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Waandishi wa programu hiyo wametawanyika katika nchi nyingi, hivyo kila mmoja hukaa na nakala kamili ya msimbo na historia yake; intaneti ikikatika, kazi haisimami. Wawili wakibadili mstari uleule, mfumo wa kutunza matoleo huwaonyesha matoleo yote mawili, nao huamua lipi libaki.

Awali mradi ulitumia mfumo wa aina hiyo uitwao Bazaar, kisha ukahamia Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Amri za Git huwachanganya hata wazoefu. Hata hivyo, wingi wa watumiaji una uzito zaidi kuliko wepesi wa kutumia: mwandishi mpya huja akiwa tayari anaijua.