Dira ya Maji kama Shahidi: Uvujaji wa Maji Nyumbani na Utetezi wa Mteja

Timboroa ni mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, karibu na mstari wa ikweta, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Mvua huko ni nyingi na baridi ni kali, hivyo ardhi chepechepe haimshangazi mtu. Hali hii ndiyo inayomponza mwenye bomba bovu. Katika nchi kame kama Turkana, majani yakichipuka ghafla uani hutoboa siri ya bomba lililofukiwa. Timboroa majani ni mabichi karibu mwaka mzima, na habari za uvujaji humfikia mwenye nyumba kupitia ankara.

Lugha yenyewe imekwisha kutenganisha maradhi haya. Maji hububujika, hudondoka, huchuruzika na huvuja. Yanayobubujika huonekana na yanayodondoka husikika. Hasara kubwa huletwa na yale yanayochuruzika chooni kimyakimya au kuvuja chini ya udongo. Shahidi wa hayo ni kile chombo ambacho Wakenya hukiita mita na Watanzania wengi hukiita dira ya maji. Jina la pili lingefaa kuazimwa, kwani mita tayari ni kipimo cha urefu, na dira huonyesha njia.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji fundi. Usiku, tangi la juu likiwa limejaa, mifereji yote hufungwa na tarakimu za dira huandikwa, pamoja na zile nyekundu ambazo kwa kawaida huhesabu lita. Sharti la tangi lisipuuzwe, kwa maana tangi linaloendelea kujaa huizungusha dira bila kosa lolote. Alfajiri, kabla ya mtu yeyote kuteka maji, tarakimu husomwa tena. Zikiwa zimesogea, kuna mahali maji yanapotelea. Hatua ifuatayo ni kufunga vali ya kuingilia nyumbani: dira ikiendelea kuzunguka, tatizo liko kati yake na vali hiyo, ikisimama, tatizo liko mbele ya vali, ndani ya nyumba au tangini.

Choo hupimwa kwa kumimina kahawa nzito katika tangi lake na kungoja nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa ndani umechakaa. Tangi la darini nalo huleta hasara iwapo boya lake limekwama, maana maji yanayofurika usiku huishia kwenye mfereji wa paa na kuchanganyika na mvua. Ni nani wa Timboroa atakayeyashuku?

Kiasi kinachopotea si kidogo. Tundu linalojaza kikombe cha nusu lita kwa dakika 10 hupoteza lita 72 kwa siku, yaani lita 2,160 kwa siku 30. Kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000, hizo ni uniti mbili na ushee. Haba na haba hujaza kibaba; methali ya kusifu akiba hapa hutumika kuhesabia hasara.

Nani alipe? Desturi ya kampuni za maji ni kwamba maji yaliyopotea kabla ya kufika kwenye dira ni hasara ya kampuni, na yaliyokwisha kuipita ni ya mteja. Hata hivyo, kampuni haziwezi kudai kwamba kila kosa ni la mteja. Kwa miaka mingi taarifa za Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji (WASREB) zimeonyesha kwamba takriban asilimia 40 au zaidi ya maji yanayozalishwa na kampuni za Kenya hayaleti mapato, kwa sababu ya uvujaji, wizi na dira mbovu. Isitoshe, penye mgao, hewa iliyonaswa bombani huweza kuizungusha dira maji yanaporudi.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi, salama na ya kutosha, na kifungu cha 46 kinalinda watumiaji wa huduma. Lakini havisemi kwamba ankara ya maji yaliyovuja ifutwe. Nafuu huombwa, na ombi husimama kwa ushahidi: ankara za miezi iliyotangulia, tarakimu za kila siku kabla na baada ya matengenezo, picha ya bomba na stakabadhi ya fundi. Mteja anaweza kuomba dira ipimwe, atozwe kwa wastani wa matumizi yake ya kawaida, au alipe kwa awamu. Kwa mkazi wa Eldoret mjini, ambako baadhi ya nyumba zimeunganishwa na mabomba ya maji taka, kuna hoja nyingine nzito: ada ya maji taka mara nyingi hukokotolewa kwa kufuata maji yaliyopita kwenye dira, ilhali yaliyozama ardhini hayakufika katika bomba hilo.

Barua hupelekwa kwanza kwa kampuni inayotoza, na nakala ya mteja hugongwa mhuri wa mapokezi. Jibu lisiporidhisha, malalamiko hufikishwa WASREB, na juu yake lipo baraza la kuamua mizozo ya maji linalotambuliwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Wakati huo wote ni busara kuendelea kulipa kiasi kisichobishaniwa, maana maji yakishakatwa, ada ya kuyarudisha huwa deni jipya lisilohusiana na uvujaji.