Mtu wa Usingizi: Kazi ya Thieta Isiyopitia Shule ya Udaktari



Sisi wana-VHT mnatujua. Mkituamsha saa nane usiku tunavaa viatu vya mpira, tunapiga simu ya ambulansi na kutafuta kadi ya kliniki ya mama. Usiku mmoja wa mwezi wa tano nilimsindikiza mama mmoja wa kanda yetu. Ilikuwa mimba yake ya nne, na ya tatu alikuwa amepasuliwa. Kwa kovu lile alitakiwa awe hospitali mapema, lakini mume alikuwa ameenda kutafuta kibarua na hapakuwa na wa kubaki na watoto. Uchungu ulianza jioni, na sisi tukaitwa usiku wa manane.

Tulipofika kwenye kituo chenye thieta, nje ya makazi, daktari alikuwepo, ameshavaa nguo za kijani. Mfuko wa damu ulikuwepo. Jenereta lilikuwa linaunguruma. Aliyekosekana ni mtu mmoja tu, yule wa kumlaza mgonjwa usingizi. Kituo kilikuwa na mmoja, naye alikuwa ameenda kuzika kwao. Daktari alikaa kwenye benchi karibu nami, mikono magotini, akipiga simu huku na huku. Mwishowe tukarudishwa kwenye gari, saa moja na nusu ya barabara ya vumbi hadi hospitali kubwa. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Sikuwa najua kwamba mpasuaji, na visu vyake vyote vimechemshwa, anaweza kukaa benchi kama mimi kwa kukosa mtu wa usingizi. Asubuhi, nikiwa nasubiri karatasi za mama, nilimwona yule aliyemlaza. Nilimwamkia, "Shikamoo daktari." Akacheka. "Marahaba, mdogo wangu, lakini mimi si daktari. Mimi nilikuwa muuguzi."

Nimeandika makala hii kwa sababu ya jibu hilo. Hapa kambini kila kijana aliyefaulu sayansi anataka kuwa daktari, na akiona njia imefungwa anaacha kabisa. Njia nyingine ipo, na watu wake wanatafutwa.

Yeye ni nani?

Kwa Kiswahili tunamwita mtaalamu wa dawa za usingizi na ganzi. Wengine husema mtu wa nusukaputi. Hapa Uganda kuna wa aina mbili. Wa kwanza ni daktari bingwa: miaka 5 ya udaktari, mwaka 1 wa mazoezi hospitalini, halafu miaka 3 ya ubingwa, jumla miaka 9. Hao ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Wa pili ni ofisa wa usingizi, ambaye hakupita shule ya udaktari. Wengi walianza wakiwa wauguzi au maklinika ofisa, wakafanya kazi, kisha wakaenda kusomea usingizi peke yake. Huyu wa pili ndiye mnayekutana naye kwenye vituo vya ngazi ya IV na hospitali za wilaya. Mama zetu wengi waliopasuliwa, ni yeye aliyewashika mkono.

Nchi jirani nazo zina mtindo huo. Tanzania, hospitali ya KCMC kule Moshi imefundisha wauguzi wa usingizi kwa miaka mingi. Kenya kuna maklinika ofisa wenye diploma ya juu ya usingizi, na hospitali ya Kijabe inafundisha wauguzi. Wale tuliotoka Kongo tunawajua wauguzi wa ISTM waliosoma sehemu ya anestezi na reanimasio. Kutegemea nchi na cheti ulichoanza nacho, mafunzo haya ya juu ya uuguzi huchukua kati ya mwaka 1 na 2 hivi. Siku hizi vyuo vikuu kadhaa hapa Uganda vinatoa pia shahada ya fani hii, ambayo mwanafunzi anaingia moja kwa moja bila kuwa muuguzi kwanza.

Kazi yenyewe

Nilimwomba yule kaka anieleze, naye akanieleza kwa Kiswahili chake cha kujifunzia barabarani, chai mkononi.

Kazi inaanza kabla ya thieta. Atakuuliza umekula lini. Usimdanganye kwa hofu kwamba atakuahirisha. Mtu akilala usingizi wa dawa, koo halijilindi. Chakula kikipanda kinaingia mapafuni na kinaweza kumwua. Kwa upasuaji uliopangwa, chakula kinaachwa saa 6 kabla na maji matupu saa 2 kabla, isipokuwa wakikuambia vingine. Ukiwa na dharura ukiwa umeshiba, watajua la kufanya, mradi umesema. Atakuambia ufungue mdomo, ataangalia meno yanayolegea, shingo inavyogeuka. Atauliza pumu, presha, dawa zilizowahi kukudhuru. Na dawa za miti, mama zangu, zitajeni. Hakuna atakayewacheka.

Kwa mama anayepasuliwa ili ajifungue, mara nyingi hutumika sindano ya mgongoni. Mama anabaki macho, miguu inakuwa mizito, maumivu hayapo. Hapa kambini sindano hii inasemwa vibaya sana, kwamba inalemaza au inaacha maumivu ya mgongo maisha yote. Nilimwuliza wazi. Alisema madhara makubwa ya mishipa ya fahamu hutokea mara chache mno. Wengine hupata kichwa kuuma siku chache baadaye, hasa wakiketi au kusimama. Huyo arudi hospitali, asikae nyumbani akifunga kichwa kwa kitenge. Maumivu ya mgongo baada ya kuzaa yana sababu nyingi, ikiwemo mimba yenyewe na madumu ya maji tunayobeba.

Jambo linalomfanya asitoke pembeni ya mama ni presha. Sindano ikishika, presha inaweza kuanguka ghafla. Ndiyo maana anamlaza mama kidogo upande wa kushoto, au anaweka kitambaa kilichokunjwa chini ya nyonga ya kulia, ili tumbo lisibane mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Kitambaa kilichokunjwa! Nilidhani ataniambia mashine ya mamilioni.

Dawa nyingine inayotumika sana vituoni ni ketamini. Inamlaza mgonjwa na kuondoa maumivu bila kuzima pumzi kama dawa nyingine nyingi, kwa hiyo inafaa pale vifaa vikiwa haba. Lakini mgonjwa akiamka anaweza kuota macho wazi, kuimba, kuita marehemu. Familia moja hapa ilikimbilia kwa mchungaji ikidhani binti yao ameingiwa na pepo. Ilikuwa ketamini, na baada ya muda aliomba uji.

Halafu kuna kale kadude kanakobanwa kidoleni, kanakosoma oksijeni kwenye damu. Kanalia ti, ti, ti. Oksijeni ikishuka, sauti inazidi kuwa nzito, hivyo hata akiwa ameinama anasikia kwa masikio kwamba kuna hatari. Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa kwa wataalamu wa usingizi hapa Uganda. Ni asilimia 23 tu waliokuwa na vifaa vya kumlaza mtu mzima kwa usalama, asilimia 13 kwa mtoto, na kwa mama wa kupasuliwa asilimia 6. Mwaka 2011 lilianzishwa shirika la Lifebox kupeleka vile vidude vya kidole mahospitalini, na hali ya vifaa imesogea tangu hapo. Upungufu wa watu ni mlima mwingine. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilihesabu kwamba watu bilioni 5 duniani hawafikii upasuaji na usingizi ulio salama na wa bei wanayoiweza. Yule mama wa kanda yetu yumo katika hesabu hiyo.

Si njia ya mkato

Nisiwadanganye vijana. Ofisa wa usingizi si daktari nusu. Kwenye vituo vidogo yuko peke yake usiku, bila bingwa wa kumpigia kelele chumba cha pili. Akikosea dakika 4 au 5 za pumzi, mgonjwa anaweza asirudi kuwa yule wa jana. Yule kaka alisema kinachomchosha zaidi ya damu ni kutopokezwa: likizo yake ni msiba wa watu wengine, kama nilivyoshuhudia. Sifa zote huenda kwa mpasuaji. "Wakiamka hawanikumbuki," alisema, "na hiyo ndiyo maana ya kazi nzuri."

Kwa wanaofikiria Marekani, huko kuna kada inayofanana kwa jina, msaidizi wa daktari bingwa wa usingizi. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 kwenye vyuo vya Emory na Case Western Reserve. Lakini ni lazima uwe na shahada ya kwanza yenye masomo ya sayansi, ufanye mtihani wa kuingia, kisha usome shahada ya pili ya miaka 2 na zaidi. Unafanya kazi chini ya daktari bingwa wakati wote, na si majimbo yote yanayoiruhusu. Wauguzi wa usingizi wako kote, ila wanaoanza tangu 2022 husoma hadi ngazi ya udaktari wa taaluma yao. Mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, na mnajua wenyewe faili ngapi zimelala. Mimi nisingengoja ndege ndipo nianze kusoma.

Ukuta wa vyeti

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Kwenye karatasi mlango uko wazi. Kinachotukwamisha ni vyeti.

Diploma ya Serikali ya Kongo haisomwi hapa mpaka ilinganishwe na UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Wanataka cheti, matokeo, na tafsiri kutoka Kifaransa. Unalipa ada, unalipa nauli ya Kampala, na mgao wetu mnaujua ulivyo. Chuo kitataka biolojia, kemia, fizikia, hesabu na Kiingereza. Kiingereza ndicho kinachotuangusha wengi wetu wa Kivu, hivyo anza hicho leo, usingoje barua. Ukimaliza mafunzo, hufanyi kazi mpaka usajiliwe na baraza la fani yako. Kwa shahada kuna ufadhili wa DAFI wa UNHCR, ulioanza 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani. Nafasi ni chache na hutangazwa pale fedha zinapokuwepo. Kwa diploma inabidi kubisha milango mingine, na wengi hurudi mikono mitupu.

Linaloniuma zaidi ni watu walio tayari. Katika kanda yangu peke yake nawajua wauguzi wanne wa A2 na mmoja wa A1. Mmoja anauza mkaa. Mwingine, mzee wa miaka 50 aliyewahi kusaidia usingizi katika hospitali ya misheni Masisi, anasukuma baiskeli ya madumu. Wakati daktari ameketi benchi kwa kukosa mtu, yule mzee alikuwa amelala kilomita chache kutoka hapo. Sisemi aingizwe thieta kesho bila mtihani, hapana. Mwili wa mtu si mahali pa kukisia. Nasema apimwe, apewe mafunzo ya kujazia, asajiliwe. Kutofanya hivyo nako kuna gharama, na safari hii imelipwa na mtoto.

Cheti changu mimi kilibaki katika nyumba iliyochomwa. Nimeandikia shule yangu ya sekondari kupitia mjomba aliye Goma, wakajibu kwamba orodha ya mwaka wetu ipo. Nangoja mhuri.

Wenye vyeti vya uuguzi vya nchi yoyote, A1, A2, diploma au cheti, na vijana waliofaulu sayansi, tunaandika majina kwa wana-VHT wa kila kanda hadi mwisho wa mwezi. Orodha itapelekwa kwenye mkutano wa uratibu wa afya. Andika jina, namba ya kaya, mwaka uliomaliza, na kama umewahi kufanya kazi ya thieta au ya usingizi. Leteni nakala. Cheti halisi kibaki nyumbani, kwenye nailoni, mbali na paa linalovuja.