Gugu karoti: hasara inayosafiri ndani ya gunia

WAKULIMA na wanunuzi wa alizeti na mtama wa Kilimatinde, wilayani Manyoni, wana kila sababu ya kukagua mbegu na malori yanayoingia kupakia mazao. Gugu karoti, lililoripotiwa mkoani Arusha mwaka 2010, hufuata njia zile zile za biashara: mbegu chafu, nafaka isiyopepetwa, majani ya mifugo na tope la magurudumu.

Gugu hilo lina majani yanayofanana na ya karoti na maua madogo meupe. Asili yake ni Amerika. India ililipata miaka ya 1950, na inaaminika liliingia na shehena za ngano. Mche mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, na huchanua wiki chache tu baada ya kuota. Katika majaribio yaliyofanywa mashariki mwa Ethiopia, mtama ulioachwa na gugu hilo msimu mzima ulipoteza hadi asilimia 97 ya mavuno.

Hasara haiishii shambani. Chavua na majani yake huleta mafua, pumu na ukurutu. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu na hayauziki. Ambrosia, gugu linalowasumbua watu wa Marekani na Ulaya kwa mafua ya chavua, ni la ukoo huo huo.

Alizeti nayo ni ya ukoo huo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Shamba la mtama laweza kupigwa 2,4-D, dawa ya kuua magugu ya majani mapana. Dawa hiyo ikipigwa kwenye alizeti, zao huteketea pamoja na gugu. Mkulima hubakiwa na jembe na mkono, na mkono mtupu ndio unaobabuka. Vibarua wa palizi wahitaji glavu, nguo za mikono mirefu na kitambaa cha kufunika pua, gharama ambayo mkulima mdogo hakuipangia.

Kinga ni nafuu zaidi: kununua mbegu iliyothibitishwa, kupepeta kabla ya kufunga magunia, na kung'oa mche kabla haujachanua. Anayeutilia shaka amwone afisa ugani, ili taarifa ifike Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa mwaka 2020. Mche mmoja ukishapukutisha mbegu, palizi ya misimu mingi imekwisha kupangwa.